Upande wa Kulia wa Moyo wa Mwalimu Filimbi

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Filimbi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, akiwa mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mkunga, na mama, aliyekwisha kusikia vilio vya watoto wengi, alikiri kwamba mapafu kama yale hajapata kuyaona.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akaendelea na sekondari, ambako aliwaacha hata wavulana wakihema uwanjani, kisha mwaka 1993 akahitimu chuo cha ualimu, akaajiriwa kufundisha michezo, na filimbi yake ilisikika mpaka sokoni, wauza nyanya wakajua mapumziko yamefika. Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wote wamerithi sauti, si subira.

Maradhi yalianza mwaka 2015, kwa kuishiwa pumzi akipanda ngazi za ofisi ya walimu, akaambiwa ni pumu, akaambiwa ni unene, akapungua hadi nguo zikampwaya, akaambiwa ni mawazo, na hapo ndipo alipopata mawazo kweli. Juni 2017 alipimwa moyo kwa ultrasaundi, mpimaji akatazama upande wa kushoto, unaosukuma damu mwilini, akaona unapiga vizuri, akamwambia, mama, moyo wako mzima, kafanye mazoezi. Maneno hayo yalimponza, kwa maana shemeji aliyapokea kwa furaha akayatangaza kwa ukoo mzima, na tangu hapo kila dada alipoketi katikati ya kudeki aliambiwa, inuka bwana, moyo wako mzima, acha kujidekeza.

Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka Agosti 2020, daktari bingwa, mwanamke asiye na maneno mengi, alipomlaza kwa ubavu, akageuza kifaa mpaka upande wa kulia ukajaa kwenye skrini, akamwita shemeji kutoka kwenye benchi la nje, akamwonyesha chumba cha moyo kilivyotanuka, ukuta wa katikati ulivyosukumwa, na damu iliyorudi nyuma kwenye vali, mlango wa moyo, kwa kasi ambayo kwayo alikadiria presha ya mishipa ya mapafu, ile inayouelemea upande wa kulia, akasema ni kali, tena ya siku nyingi. Dada hakulia, alimgeukia mumewe akamwambia, umeona, sikuwa najidekeza.

Dawa zilimrudishia pumzi kidogo, si ya kupuliza filimbi, shemeji akashika dekio mwenyewe, hadi asubuhi ya tarehe 2 Februari 2023 dada alipofariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Alituagiza tusiseme hapa kwamba aliugua kwa uvumilivu, kwa sababu hakuvumilia, alikasirika, na sisi tumekasirika pamoja naye, maana mashine ilikuwepo, kifua kilikuwa kile kile, kilichokosekana ni mtu wa kugeuza mkono.

Tunamshukuru daktari bingwa na wauguzi, majirani waliombebea ndoo, na walimu wenzake waliomhamishia meza chini asipande ngazi, na mpimaji wa kwanza, popote alipo, tunamwomba tu atazame pande zote mbili.

Pumzika, dada, pumzika kwa amani, hakuna tena atakayekuambia inuka.