Uvimbe Niliouita Sugu ya Mzigo

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu. Mimi ni Maganga, mfanyabiashara wa mchele, wengi mnanifahamu. Kabla ya haya ninayosimulia nilikuwa nasema wazi kwamba hakuna jambo chini ya jua linaloweza kunishangaza. Niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba magunia kichwani stesheni ya Igalula, na leo nina stoo mbili na nyumba ya vigae mtaa wa Cheyo. Sikurithi hata jembe. Mtu wa namna hiyo ashangae nini?

Ndugu zangu, utosini nilikuwa na uvimbe. Ulianza kama punje ya karanga, miaka ikapita, ukawa kama nusu ya limau. Hauumi. Sisi Wanyamwezi mnatujua: zamani kijana asiyefika pwani na mzigo hakuhesabiwa mwanaume, na babu wa baba yangu alipeleka pembe za ndovu Bagamoyo kwa miguu. Basi nikasema hii ni sugu ya mzigo, ni cheo cha ukoo. Kwenye harusi navua kofia, nawashikisha watu. "Gusa, hiyo haiuzwi dukani."

Aliyenizindua ni kinyozi wangu wa mtaa wa Gongoni, Mzee Seif, Mwislamu mcha Mungu. Bwana hutumia amtakaye.

"Maganga, mashine yangu zamani ilipita hapa tambarare. Siku hizi inapanda mlima."

"Hiyo sugu, mzee. Wewe hujabeba, huwezi kujua."

"Umeacha kubeba lini?"

"Miaka ishirini na mbili sasa."

"Sugu gani hiyo, inanenepa mwenyewe akiwa amekaa kitini?"

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akabonyeza kwa vidole viwili. "Nimenyoa wachukuzi wewe hujaota ndevu. Sugu huenda na ngozi. Hapa ngozi inakwenda, kitu kinabaki. Hiki kimeota kwenye mfupa. Nenda hospitali, la sivyo tafuta kinyozi mwingine."

Nikaenda, nikapigwa picha ya kichwa. Daktari akanionyesha: mfupa wa fuvu umevimba na kuliwa kama mbao yenye mchwa. Akaandika barua niende Dar es Salaam kwa mabingwa wa upasuaji wa ubongo. Niliposikia ubongo, nilitabasamu, lakini usoni tu.

Tukapanda treni na mke wangu. Ilipofika Igalula nikasema nashuka kununua maji. Nikajificha ndani ya stoo yangu ya pale stesheni mpaka treni ikaondoka. Simu ikalia, ni mke wangu.

"Baba Kabula, picha ya kichwa chako ninayo mimi. Kichwa chenyewe kiko wapi?"

"Nimepitia kuangalia mzigo."

"Sawa. Mimi nikifika nitamwambia daktari apasue picha."

Akakata. Ndugu zangu, nilipiga magoti kati ya magunia, mimi niliyezoea kuombewa na watu niliowapa sadaka. Nikasema, "Bwana, naogopa." Tangu nizaliwe sijawahi kulitamka neno hilo. Nililia kama mtoto, na nilipoinuka hofu ilikuwepo bado, lakini haikuwa bwana wangu tena. Kesho yake nikapanda basi.

Daktari bingwa alikuwa binti, mdogo kuliko Kabula, mwanangu wa kwanza. Baada ya kipimo kingine, cha sumaku, akaniketisha anieleze.

"Shikamoo baba. Ubongo umefunikwa na utando mgumu. Uvimbe huu tunaudhania meninjioma. Kwa kawaida huota ndani, umeshikana na utando ule. Wako ni wa nadra, umeota nje ya utando, ndani ya mfupa."

"Ni mzigo ndio umeleta?"

"Hapana baba. Mzigo huo usiusingizie."

"Ni saratani?"

"Picha haiwezi kuapa. Tutautoa wote pamoja na ukingo wa mfupa wenye afya unaouzunguka, maabara ndiyo iseme. Tukiuacha utaendelea kula mfupa na kusukuma ubongo."

Nikaweka sahihi. Nilipozinduka nilimwona mke wangu, nikamwita kwa jina lake la usichana, akajua akili zangu zipo. Utando ulikutwa mzima, haukuguswa. Pengo la mfupa waliliziba kwa bamba la chuma maalumu. Baada ya majuma matatu jibu likaja: meninjioma kweli, ya aina isiyo saratani. Daktari alinionya kwamba aina hii inaweza kurudi, hivyo kila mwaka napiga picha. Nimepiga mbili, zote safi. Mzee Seif ananinyoa akikwepa kovu kama anayekwepa shimo barabarani.

Ndugu zangu, Bwana aliniponya kwa vidole vya kinyozi, kwa ulimi wa mke wangu na kwa kisu cha binti yule. Mwenye uvimbe kichwani usiosogea asiupe jina mwenyewe, aende apimwe, na amkabidhi Mungu hofu yake yote. Wengi mmenivuta pembeni kuniuliza jambo moja, mkiona haya. Nalisema hapa mbele ya wote, mtu asije akafa kwa kukisia bei. Nauli, vipimo, upasuaji, bamba na dawa, jumla yake ni shilingi milioni nane, laki sita, elfu sabini na mia tano.