Mahfoudh bin Khalil na Lori la Taa Moja

Kwa niaba ya familia, mimi Kheiria, bintiye wa mwisho, nakusomeeni maisha ya baba yetu, Mahfoudh bin Khalil, nami sitampamba, kwani mwenyewe alichukia gari lililopakwa rangi kuficha kutu.

Alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 12 Novemba 1947, baba yake akiwa amerudi kutoka vita vya Burma, alikokuwa dereva wa jeshi la Mwingereza, akibeba majeruhi kwa lori lililotekwa kutoka kwa Wajapani, na habari za lori hilo ndizo zilizomlea mwanawe kuliko hadithi za sungura: kwamba malori yao ya mwanzo yalipewa magurudumu sita kwa ajili ya njia mbovu za Uchina, na kwamba vita vilipokolea, chuma kikaadimika, wakayaunda na kibanda cha mbao, breki za nyuma tu, na taa moja. Babu alimwahidi siku moja atampakia kwenye lori wende Makunduchi. Hawakwenda.

Alisoma Unguja hadi darasa la kumi na mbili, akaja Maskati tarehe 3 Februari 1972, akimwacha baba yake aliyemwambia, "Tangulia, nnakuja," naye akafia Unguja mwaka 1975. Marehemu alikuwa fundi katika karakana ya jeshi hadi 2002, akamuoa mama yetu, Mahbuba, hapo Matrah tarehe 9 Juni 1976, wakajaaliwa watoto wanne, na wa tano, asemavyo mama, ni lile lori la taa moja, mfano wa lile la Babu, alilojijengea uwanjani kwetu Sib baada ya kustaafu. Mama alipomuuliza litakwenda wapi, alijibu, "Makunduchi." Jirani yetu Hamood, kwa huruma, kila Idi alimletea taa ya pili, na kila Idi alirudishiwa: "Shekhe, hili si chongo, ndivyo lilivyozaliwa."

Alipata kiharusi mwezi Machi 2024, na tarehe 20 Mei, alipotoka hospitali, aliomba apandishwe lorini, akashika mlango wa kushoto. Tukasema maskini, ugonjwa umemchanganya, kwani magari ya hapa usukani uko kushoto, na wa lori lake, kama ya Japani na ya kwetu Unguja, uko kulia. Kaka yangu Shihab akamwambia, "Baba, usukani upande wa pili."

"Najua. Pale pa Baba yangu."

Akakaa hapo kushoto, mikono mapajani, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Alifariki tarehe 23 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa karakana, majirani wote, na Hamood, aliyekuja jana na taa yake, tukamrudishia.

Pumzika kwa amani, Baba. Kiti cha kulia hatukikalii.