Hesabu ya Vioo vya Tata Badibanga

Batata na bamama mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Tshilombo, karani, mdogo wa marehemu, na karatasi hii ilipitishwa jana na wajomba kama desturi yetu inavyotaka, ila sehemu ya kazi yake waliifuta kwa penseli, wakihofia kuwaudhi wakubwa, nami nitaisoma hivyo hivyo, kwa maana sijalala vizuri tangu Jumatatu.

Tata Badibanga Kabongo alizaliwa tarehe 4 Machi 1919 karibu na Luputa, Kasai, akaletwa Katanga mwaka 1928 baba yetu alipoandikwa kazi ya mgodi, akasoma shule ya misheni Jadotville hadi Julai 1935, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuchapwa kwa ubishi, na yote mawili hayakumtoka maishani.

Tarehe 2 Mei 1941 aliajiriwa hapa Kolwezi katika maabara ndogo ambayo sitaitaja, kwanza kuponda mawe, kisha kuangalia kwa hadubini, nami nikamfuata huko kama mpiga taipu. Tarehe 17 Juni 1944 alifunga ndoa kanisani Manika na Mama Tshiela, huyu aliyeketi hapa mkekani, wakajaliwa watoto watano, mmoja alitangulia, wanne tunao, mkubwa wao Henriette.

Sasa ile sehemu iliyofutwa. Januari 1957 profesa mmoja wa Ulaya alituma vioo arobaini vya picha, ili mistari midogo iliyoachwa na chembe za alfa, zile zinazoruka kutoka ndani ya urani, ihesabiwe kwa jicho, na kila kioo kilikuwa na namba tu, bila kusema kiliwekwa upande gani wa kristali ya urani. Yaya yangu, huyu kaka yangu mkubwa, aliona vioo vingine vina mistari karibu robo zaidi ya vingine, akarudia mara nne, akapata vilevile. Baadaye alisoma kijitabu alichoazima kwa padri, akanieleza nyumbani kwake Kapata, kiazi kitamu mkononi, kwamba kiini cha urani si mviringo kama chungwa, kimerefuka, na kuna kizuizi cha umeme kinachoibana alfa ndani yake, nacho ni chembamba kwenye ncha kuliko ubavuni, kwa hiyo hutokea zaidi huko, lakini viini huelekea kila upande na tofauti ikapotea, mpaka kristali ipozwe sana ndipo vijipange, kama ya profesa bila shaka ilivyopozwa. Akaongeza kwamba kiini kinachobaki huweza kuanza kuzunguka, mzunguko huo ukila kidogo nguvu ya alfa, nayo ikapata shida zaidi kupenya, na akakila kiazi.

Mkubwa wa maabara hakutaka kusikia, akasema mtu mweusi amechoka macho, akaamuru namba zisawazishwe, na yaya akamjibu mbele ya wote kwamba mi nahesabu bile naona, si vile unataka. Tarehe 11 Machi aliondolewa kwenye hadubini akapelekwa kupima magunia, mtaani wakamwita mwongo wa hesabu, watoto wake wakisikia. Mkubwa alizisawazisha namba mwenyewe, ripoti ikapigwa taipu, ikaenda.

Kikohozi kilimshika Agosti 1958, akalazwa Oktoba, na kila nilipomtembelea aliuliza kama Ulaya wamejibu. Barua ilifika tarehe 2 Februari mwaka huu wa 1959, nami ndiye nifunguaye barua pale kazini, profesa anauliza vipi vioo vyote vinalingana wakati wenzake kwingine wameona tofauti, anaomba daftari la kwanza la mhesabuji. Nilikaa nayo mfukoni siku saba. Yaya angeuliza nani alipiga taipu namba za uongo, na aliyezipiga ni mimi, kwa vidole hivi, nikijua. Tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, alifariki bila kuisikia.

Familia inawashukuru daktari na masista waliomuuguza, majirani wa Kapata walioleta unga na kuni, na wenzake wa magunia waliochimba kaburi. Mama Tshiela amelitoa lile daftari la kwanza, ambalo yaya alilificha chini ya godoro, kesho nalituma kwa profesa kwa jina la yaya mwenyewe, wakinifukuza wanifukuze.

Yaya, hesabu yako ilikuwa sawa, nililijua hilo tangu siku ile, nilipaswa kukuambia ungali unasikia. Pumzika kwa amani.