Zamu ya Anselm Ndunguru

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka Anselm Ndunguru, mwana wa Mbinga, mwalimu wa chuo kikuu hapa London, aliyefariki mwezi uliopita nyumbani kwake Woolwich. Anselm Ndunguru. Wengi wenu hamkumjua. Mkewe, Sesilia, ametusimulia habari zake, nasi tunazipokea kutoka kinywani mwake.

Alifika London mwaka 1993 kufundisha elimu ya udongo. Wanafunzi wakalalamika kwamba Kiingereza chake hakieleweki. Walimu wenzake walimsalimia kwenye korido bila kusimama. Jioni moja alimwambia mkewe, "Mama Vaileth, funga mizigo. Twende tukalime kahawa." Sesilia alimtazama usoni akaona hatanii.

Wiki hiyohiyo mlango wa ofisi yake ukagongwa. Alikuwa Kanti, mwalimu wa fizikia, Mhindi Mkristo mzaliwa wa Kisumu.

"Ni wewe unayeimba nyimbo za kanisa kila asubuhi?"

"Ni mimi. Samahani kama nakusumbua."

"Unanisumbua sana, maana unaimba vibaya. Jumatano saa saba njoo uimbe na wenzako."

Mizigo haikufungwa. Kila Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, walimu Wakristo wachache walikutana kwenye chumba cha semina. Walikula mikate yao, wakasoma Maandiko kwa zamu, kila mmoja kwa lugha anayoitumia kusali. Kanti alisoma Kigujarati. Zéphyrin, Mkongo wa hisabati, alisoma Kifaransa. Anselm alisoma Kiswahili, kwa sauti nzito iliyofika hadi ngazini. Sharti lilikuwa moja: zamu ya mtu hairukwi. Sesilia anasema mumewe alirudi nyumbani siku hizo mabega yakiwa yamenyooka.

Mwaka 2004 ulimi wa Anselm ukaanza kuwa mzito. Wanafunzi walidhani amelewa. Madaktari wakautaja ugonjwa: ule unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Kwanza ulimi, halafu mikono, mwishowe pumzi. Dawa ya kuponya hakuna. Tunarudia, wasikilizaji: dawa hakuna.

Alipoacha kazi, wenzake wakaihamishia Jumatano kwake Woolwich. Na hapo wakakosea kama wasomi wanavyokosea. Kanti alikuja na makala za utafiti kuhusu ugonjwa huo. Zéphyrin akasema hesabu za makala hizo hazisimami. Kanti akabisha. Wakabishana kwa adabu mpaka chai ikapoa, Anselm yuko katikati yao kwenye kiti, anageuza macho huku na huku.

Sesilia alitoka jikoni. "Shemeji zangu, mume wangu si mada ya semina. Yuko hapa. Anawasikia."

Kanti akazikunja makala zake.

"Basi tufanye nini, shemeji?" Kanti aliuliza.

"Sijui. Mngenijibu ninyi mliosoma. Someni hayo Maandiko yenu."

Wakasoma. Zamu ya Anselm ilipofika, Zéphyrin, kwa huruma tu, akaanza kumsomea. Anselm akaguna. Akaburuta mkono akaufunika ukurasa.

"Nisamehe, ndugu," Zéphyrin alisema, akamrudishia kitabu.

Anselm akasoma mwenyewe. Hakuna neno lililoeleweka. Ilikuwa kama mtu anayeongea akiwa chini ya maji. Akasoma mpaka mwisho, nao wakangoja mpaka mwisho.

Sauti ilipokwisha kabisa, alifuatisha mistari kwa kidole. Kidole kiliposhindwa, Sesilia alimshikia kitabu, yeye akasoma kwa macho. Nao wakangoja. Siku moja Kanti alimfuata Sesilia jikoni akalia.

"Mimi mtu wa fizikia, shemeji. Kitu kikiharibika natafuta sababu, narekebisha."

"Sogea basi, utatutia chumvi kwenye chai," Sesilia alimwambia, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka.

Vaileth, binti yao, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimwuliza mama yake: watu wenye akili hivi, kweli hawana la kufanya? "Hawana, mwanangu," Sesilia alijibu. "Lakini baba yako tangu asubuhi anatazama mlango."

Anselm alifariki Jumatatu, mchana, Februari ya mwaka huu wa 2006. Jumatano wenzake wakaja bila kuitwa. Wakakaa, wakafungua Maandiko, Kanti akasoma, Zéphyrin akasoma. Kisha ikafika zamu ya Anselm, na hakuna aliyejua pa kutazama. Sesilia, ambaye miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kuleta chai, akanyoosha mkono. "Nipeni."

Alifika katikati ya mstari, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Hakuna aliyemmalizia. Walikaa naye hapo, katikati ya mstari, mpaka giza likaingia sebuleni na Vaileth akawasha taa.

Kwa Sesilia, kwa Vaileth, kwa ukoo wa Ndunguru kule Mbinga na kwa ndugu wa Jumatano: poleni sana. Mungu amlaze Anselm mahali pema.

Nawe unayetusikiliza, huenda kuna mgonjwa uliyeacha kumtembelea kwa kuwa huna la kumwambia. Sesilia ametuagiza tukufikishie hili: "Waambieni hata wale wa Jumatano hawakuwa na la kusema. Waende tu, wasimruke."