Mwalimu wa Feza kwenye Mashua ya Kilwa

Mwaka 1958, ndani ya mashua iliyotutoa Kilwa ya Kongo kuvuka ziwa kuja Nchelenge, mama mmoja mchuuzi alimmegea kijana aliyevaa tai samaki wake wa kuchoma, kisha akamuuliza kazi yake. Kijana alikula kwanza. Mimi niliyekaa katikati yao nikampenda kwa hilo.

"Minafundisha kwenye iniversite ya Elisabethville, mama. Minafundisha banafunzi namna feza inatembea."

"Feza yangu inatembea yenyewe! Nani aliifundisha?"

"Njo maana tunaisoma, mama. Tujue inaenda wapi, na kama itarudi."

"Na bantu banakulipa kwa ile?" Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye mlipaji. "Ukimupata bibi wa kuoa, atacheka."

"Nimeisha kumupata. Bajomba bangu bameniposea, leo minaenda kusalimia kwabo. Ni Agness, mutoto wa mama Rosaria wa Kashikishi."

Mama akaacha kutafuna. Akavuta kitenge kichwani, akampa kijana mgongo. Kijana naye akaelewa, akageuka upesi kutazama Kongo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawali pamoja mpaka wafanyiwe sherehe, na hawa wawili walikuwa wamemaliza samaki mzima.

Mashua ikagusa mchanga. Mabega ya mama Rosaria yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Wewe wa katikati," akaniambia, "umwambie ule mutu sijamuona. Lakini maneno yake ya feza sijakubali bado. Aendelee tu, nitamusikia na mugongo."