Kochi au Chuo

Benchi lenyewe liko kwenye kona, kati ya duka la kutoa kopi na gereji ya baiskeli, na usidanganyike ukadhani ni benchi tu. Lile ni bunge, ni mahakama, na mpira ukiwa umechezwa jana yake, ni wodi ya wagonjwa wa moyo. Mguu wake mmoja ni mfupi, umeegeshewa tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule hubisha kwa adabu asije akaenda chini. Mbele ya wanaobishana hapo hukaa Shangazi na birika lake la kahawa juu ya mkaa. Anamimina, anasikiliza, na akichoshwa na upuuzi wa mtu anamruka zamu bila kusema kitu. Asubuhi hiyo Springi alifika mbiombio, shati limefungwa vifungo mshazari. Jina la Springi walimpa kwa sababu ni fundi makochi, na pia kwa sababu hawezi kuzungumza akiwa amekaa.

— Jamani, nisaidieni. Binti yangu kanivuruga!

— Kaolewa? Shangazi akauliza, birika mkononi.

— Afadhali angeolewa! Kapata nafasi chuo kikuu. Chuo kikuu, mnanisikia? Wa kwanza katika ukoo mzima, upande wangu na upande wa mama yake. Leo adhuhuri ndiyo mwisho wa kupiga simu kuthibitisha. Sasa mtoto ananiambia, "Baba, siendi. Nataka kushona makochi na wewe."

— Hongera! Breki akapiga makofi. Breki ni fundi baiskeli, na makofi yake yanarusha grisi. — Mtoto ana akili huyo!

— Ana wazimu huyo! akadakia Joho.

Joho ana digrii. Anafanya kazi kwenye lile duka la kopi, na picha yake ya mahafali, amevaa joho hadi miguuni, ameibandika juu ya mashine. Mteja asipoisifia, kopi yake inachelewa.

— Mimi sitaki hongera wala wazimu, Springi akasema. Nataka maneno. Nimembembeleza hadi sauti imekauka. Nipeni neno moja tu la kumgeuza, nikamwambie kabla ya adhuhuri.

Na kweli alikuwa anataka. 

— Mwambie elimu ni bahari, Joho akaanza.

— Na baharini watu wanazama! Breki akamkata. Wewe mwenyewe ulizama, ukaibukia kwenye mashine ya kopi.

— Mimi sijazama. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Simba gani anaulizia wino?

Shangazi akacheka hadi mfuniko wa birika ukacheza. Joho akanyoosha kola.

— Chekeni. Mtu mwenye digrii hata kuumwa anaumwa kwa heshima. Akienda kwa daktari anaelezwa ugonjwa wake mwanzo hadi mwisho, na picha anaonyeshwa. Wewe Breki ukienda unapewa vidonge, unaambiwa, "Kunywa, rudi wiki ijayo."

— Na ninapona!

— Unapona bila kujua umepona nini!

Hapo Shangazi akamjazia Joho kikombe, ishara kwamba hoja imeingia. Breki akaona anapigwa bao, akasimama.

— Sikilizeni. Chukua wasomi kumi, wafungie chumbani, kitasa kimekwama. Watafanya nini? Wataunda kamati! Watachagua mwenyekiti, na katibu, na naibu katibu. Jioni wanatoa tamko kwamba mlango umefungwa.

— Haya, na mafundi kumi?

— Mafundi mlango wanaung'oa dakika hiyo hiyo!

— Wee! Shangazi akasema. Mafundi nawajua mimi. Wa kwanza atauangalia mlango, atatikisa kichwa, aseme, "Nani kawawekea kitasa hiki? Huyu hakuwa fundi." Wa pili atasema hivyo hivyo juu ya wa kwanza. Wasomi na mafundi wote watalala humo.

Benchi likaangua kicheko, tofali likateleza, wakalirudisha.

— Dawa ni moja, Shangazi akaendelea, sasa amepata moto. Itungwe sheria. Mwenye digrii aoane na mwenye ufundi, lazima! Nyumba moja, cheti ukutani na spana kabatini. Bomba likipasuka, mmoja anaziba, mwingine anaeleza kwa nini limepasuka. Chanda chema huvikwa pete.

— Shangazi, methali hiyo haiingii hapo.

— Imeshaingia, itoe wewe.

Springi alikuwa anazunguka mbele ya benchi, anasaga meno. Muda unakwenda na neno hajapewa.

— Jamani, binti! Nimwambie nini binti?

— Mwambie ukweli, Joho akasema, na sauti akaishusha kama mtu anayetoa siri ya serikali. Mwambie kochi ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Kugonga misumari na kujaza sponji, hiyo ndiyo ya kuachia chuo?

Lo! Ungemwona Springi. Alisimama wima, masikio yakamwiva.

— Umesemaje? Kugonga misumari? Unajua kuvuta kitambaa cha mistari hadi mstari wa mgongoni ukutane na wa kitini, mteja asijue ulikoanzia? Unajua kufunga springi mtu mnene akae, na mtoto akae, na wote wajione wafalme? Nambie wewe msomi, hakimu anahukumu akiwa vipi?

— Akiwa... amekaa.

— Amekaa! Msimamishe hakimu kutwa nzima uone kama kuna atakayeachiwa! Mkubwa akitia saini, amekaa. Wachumba wakija kuposa wanakaribishwa wapi? Kwenye kochi! Kochi likiwachoma makalio, posa imekufa. Dunia hii, bwana, haikusimama. Imekaa! Na aliyeikalisha ni mimi!

— Weweee! Breki akarusha kofia. Shangazi akampa kikombe cha bure, kitu ambacho hakijatokea tangu aanze biashara. Joho naye akajikuta anapiga makofi. Springi akanywa kwa furaha kuu, kifua mbele, akasahau kabisa alifuata nini pale.

— Shikamooni.

Alikuwa binti yake, kasimama nyuma ya benchi, aproni imejaa vumbi la sponji, nyuzi nywele nzima.

— Marahaba, wakaitikia wote kwa sauti ya watu waliofumaniwa.

— Nimefuata ufunguo wa karakana, baba, umeondoka nao. Nimefika muda mrefu. Nimekusikia tangu kwa hakimu.

— Hayo ni maneno ya kijiweni tu, mama.

Humwita mama kwa sababu jina lake ni la bibi yake mzaa baba. Binti akatoa simu mfukoni.

— Basi nina swali moja. Nikijibiwa, napiga simu chuoni hapa hapa mbele yenu, naenda kusoma, na sitanung'unika. Nanyi baba zangu, na Shangazi, mnaruhusiwa kumsaidia.

— Uliza! Breki akasema. Hapa hakijawahi kushindikana kitu!

— Hii kazi yetu ina ubaya gani?

Joho akavuta pumzi ya hotuba, akaiachia. Breki akaanza kukagua kucha zake. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, akasema, ingawa hakuna aliyeagiza.

Springi alitafuta. Mgongo? Mgongo unamuuma, lakini na Joho unamuuma kwa kuinamia mashine. Wateja wenye kiburi? Kiburi kila mlango kipo. Alitafuta hadi chini kabisa, na huko hakukuta ubaya wowote wa kazi. Alijikuta yeye mwenyewe, amevaa suti siku ya mahafali, watu wanamnyooshea kidole, "Yule ndiye baba wa msomi." Akaona aibu, na aibu ile ikamchoma kwelikweli. Na huyu mtoto, masikini, ndiye angeibeba hiyo suti miaka yote ya masomo.

— Sijui, mama, akasema.

Breki akageuka kumtazama. Mengi yamesemwa juu ya benchi lile, ya kweli na ya kuzua, ila neno hilo lilikuwa geni kwao. Joho aliinuka nusu, kana kwamba mtu ameumia.

— Chuo nacho sikijui, Springi akaendelea. Nimekusukuma tu.

Binti akashusha simu. Uso ukamlegea, machozi yakamlengalenga, akacheka.

— Afadhali, baba. Nilikuwa naogopa una jibu. Sasa tukae tufikiri wote wawili, adhuhuri bado.

Breki akasogea, Joho akasogea, wakawapa nafasi katikati, baba na binti.