Kituo Kinachofuata

Fundi cherehani alikaa nyuma ya abiria wawili ndani ya basi, akijifanya anatazama nje. Masikio, lakini, hayana pazia.

"Mafua yameisha, imebaki miguu tu kuuma," mpagazi wa sokoni alikuwa akimwambia jirani yake, muuguzi aliyevaa sare. "Nikibeba magunia mawili matatu italainika."

"Kaka, virusi vya mafua huvimbisha misuli. Ukiitumikisha unaiumiza zaidi. Pumzika, unywe maji."

"Nikipumzika, dada, wanangu watakula virusi?"

Fundi akameza kicheko.

"Na mkojo?" muuguzi akauliza kwa sauti ya chini. "Umekuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa? Kama ndivyo, hospitali leo leo. Figo hazina mchezo."

Mpagazi akamgeukia kondakta. "Shusha!" akaita badala ya kujibu.

Basi likasimama sokoni. Akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akajivuta. Mapaja yakagoma. Akajaribu tena, jasho likamtoka.

"Twende," akamwambia kondakta. "Leo nashuka kituo kinachofuata. Na si kwa sababu ya maneno yako, dada."

"Sijasema kitu, kaka," muuguzi akajibu, akamshika mkono.

Kituo kilichofuata kilikuwa hospitali.